Mambo ya Nyumbani: Panya na Akiba ya Chakula

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za mgeni asiyealikwa, naye ni panya. Huenda wako watakaocheka wakisema, Je, hakuna neno kubwa la kuandika kuliko panya? Lakini yeye achekaye na aende akainue gunia lake la mwisho ukutani, lile ambalo halijaguswa tangu mavuno, atazame chini yake. Akikuta unga mweupe, maganda ya punje na mavi madogo meusi, ataacha kucheka, maana alichokiona pale chini ni chakula cha watoto wake cha mwezi wa Machi.

Twasema mwezi wa Machi kwa sababu. Huku kwetu kando ya mlima Meru, toka Nkoaranga na Akeri mpaka Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, mahindi ya masika huvunwa hasa Julai na Agosti. Toka hapo chakula cha nyumba kimo ghalani, wala hakiongezeki. Kila siku chapungua. Nyumba iliyovuna magunia sita ikidhani yatafika mpaka mavuno mengine, mara huona yamekwisha kabla ya masika kuanza, na baba hana budi kununua sokoni wakati bei imepanda. Watu husema, "Mwaka huu mahindi hayakukaa." Lakini mahindi hayana miguu. Yako yaliyoliwa na watu, na yako yaliyoliwa na wale wasiohesabiwa.

Basi na tuwahesabu, kama walimu wafanyavyo ubaoni. Panya mkubwa wa nyumbani hula kadiri ya gramu 15 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, hata mtoto aweza kuzificha katika kiganja. Tukisema nyumba ina panya 10, nao si wengi, kwa siku moja watakula gramu 150, na kwa siku 200 watakula gramu 30,000, yaani kilo 30. Hizo ni kama debe moja na nusu. Tena hatujahesabu punje walizotafuna kiini na kuacha zilizobaki, wala zile walizochafua kwa mavi na mkojo, ambazo mama mwenye nyumba huzitupa, au, lililo baya zaidi, hazioni akazipeleka mashineni. Wazee husema panya huuma na kupuliza, hata mwenye kuumwa asisikie. Ndivyo ilivyo na hasara yake: haipigi kelele, na mwenye nyumba huisikia siku ghala likiwa tupu.

Imetupasa kumjua huyu kabla ya kushindana naye, maana panya si wa namna moja. Yuko panya mkubwa wa nyumbani, mwenye mkia mrefu kupita mwili, apandaye nguzo na kukaa darini. Yuko yule mdogo wa kijivu, aingiaye kabatini na katika masanduku ya nguo na vitabu. Na yuko panya wa shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Huyu hukaa mashambani na vichakani, lakini mahindi yakihamia nyumbani naye huhamia. Jike wake ana chuchu nyingi kuliko za panya wengine, hata kufika 24. Hubeba mimba kadiri ya siku 23 tu, na huzaa watoto 11 au zaidi kwa mara moja.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, pamoja na wenzao kama Bwana Herwig Leirs wa Antwerp, wamemchunguza panya huyu miaka mingi, wakaona kwamba uzazi wake hufuata mvua. Mvua za mwisho wa mwaka zikinyesha kwa wingi, majani mabichi na mbegu hupatikana mapema, panya naye huanza kuzaa mapema, na mwaka ufuatao huwa tele. Hukadiriwa kwamba katika Tanzania panya huharibu sehemu 5 hata 15 katika kila 100 za mahindi, na katika miaka ya panya wengi wako wakulima wanaopanda mbegu mara mbili au tatu, kwa kuwa panya huzifukua usiku zilizopandwa mchana. Basi, vuli ikiwa kubwa, mkulima mwenye busara hushukuru kwa mvua, na papo hapo hutengeneza ghala lake.

Tena panya hali chakula tu, aleta na ugonjwa. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980, na mpaka mwaka 2004 watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua, na mamia wakafa. Tauni huchukuliwa na viroboto wa panya: panya akifa, kiroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, na mtu alalaye karibu na magunia yu tayari kwa kuumwa. Kwa hiyo mkiona panya wengi wamekufa ndani ya nyumba au kijijini, wala hakuna aliyeweka sumu, msiwashike kwa mikono wala msinyamaze, bali mpelekeeni habari bwana afya siku ile ile.

Pia mwaka 2022, katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, watu walishikwa na homa, wengine wakitoka damu puani, na watatu kati ya wagonjwa 20 wakafa. Serikali ikatangaza kwamba ni leptospirosisi, ikaiita homa ya mgunda. Ugonjwa huu hutoka katika mkojo wa wanyama, nao huingia mwilini kwa njia ya maji na matope, mahali penye mchubuko wa ngozi, au machoni na kinywani. Wala si jambo la mbali nasi. Katika miaka 2007 na 2008, wataalamu waliwapima wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ilipatikana kwa watu wasiofika wawili katika 100, na leptospirosisi kwa karibu watu tisa katika 100. Hatusemi kwamba yote ililetwa na panya, maana ng'ombe na mbuzi nao hutoa ugonjwa huo katika mkojo wao. Twasema hivi: homa si zote malaria, na ndoo ya maji ya kunywa isiyofunikwa usiku ni mlango ulio wazi.

Watu wengi wakisikia hayo yote hukimbilia neno moja, yaani sumu. Katika magulio yetu na katika mitaa ya Arusha hupita wachuuzi na vipaza sauti, wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni kwa pumzi moja. Dawa yenyewe imo katika chupa ndogo au karatasi iliyokunjwa, haina jina, haina maelezo ya kipimo. Mama hununua, huchanganya na unga au dagaa, na kuweka chini ya kitanda. Lakini mtoto wa miaka miwili ndiye atambaaye chini ya kitanda, naye hajui kutofautisha chambo na chakula. Kuku hudonoa, na paka hula panya aliyelewa sumu akafa yeye, hata nyumba ikabaki bila mlinzi.

Hata sumu iliyo halali yataka uangalifu. Ile ya unga mweusi iitwayo zinki fosfaidi hutoa hewa ya kuua ikifika tumboni, wala haina dawa ya kuipinga. Nyingine, kama bromadioloni, huzuia damu kuganda; hii ina dawa yake hospitalini, ambayo ni vitamini K, lakini huua polepole, na mtoto aliyeimeza aweza kucheza kama kawaida siku mbili tatu kabla hajaanza kutoka damu. Ikiwa mtoto amemeza sumu ya panya, mpelekeni hospitali saa ile ile, na mchukue chupa au karatasi ya sumu ili mganga aione. Msimtapishe, wala msikawie kwa kumnywesha maziwa. Na yeye ambaye hana budi kutumia sumu, kama wakati panya wamejaa mashambani, na aulize kwanza kwa bwana shamba, anunue iliyosajiliwa tu. Sisi wa Arusha hatuna udhuru katika hili, kwa kuwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyochukua kazi za ile TPRI tuliyoizoea, makao yake makuu yako papa hapa Ngaramtoni.

Tena sumu haimalizi neno. Nyumba ikiua panya watano na kuacha chakula wazi, nafasi ya wale watano hujazwa na wengine baada ya majuma machache, ama kwa kuzaliwa, ama kwa kutoka kwa jirani. Panya haji kwetu kwa sababu atupenda. Aja kwa sababu ya chakula na malazi. Ukimnyima hivi viwili, ataondoka au hatazaa sana. Hili ndilo neno letu la mwezi huu, na yanayofuata yote yatoka katika hilo.

Kwanza, chakula. Mahindi yasikae katika chumba cha kulala, wala yasimwagwe darini bila kizuizi. Mwenye nafasi na ajenge ghala juu ya miguu yenye urefu wa mita 1 au zaidi, na kila mguu avike bati lililokunjwa kama kofia iliyofunuliwa chini, ili panya apandaye akwame hapo. Ghala lisigusane na ukuta wala mgomba wala tawi la mti, maana panya aweza kuruka karibu mita nzima. Asiye na nafasi ya ghala na atafute pipa la chuma lenye kifuniko, au kihenge cha bati. Mfuko wa nailoni, hata ule wa plastiki mbili ndani uzuiao dumuzi, panya autoboa usiku mmoja. Nao pia wataka kuwekwa ndani ya kitu kigumu, au juu ya uchaga ulio mbali na ukuta.

Lakini, ndugu, msitie mahindi mabichi katika pipa. Yataota ukungu wenye sumu kuvu, na mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na kufa kwa sumu hiyo. Kujua kama yamekauka ni rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, tikisa sana, kisha acha itulie. Chumvi ikishika katika kioo, mahindi bado yana maji, isiposhika, yamekauka. Walimu wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani, nao watalipeleka nyumbani upesi kuliko sisi kwa maandishi yetu.

Pili, malazi. Panya mdogo hupita katika tundu linaloingia kalamu ya risasi, na mtoto wa panya mkubwa katika tundu linaloingia kidole kidogo. Basi zungukeni nyumba wakati wa mchana na mshumaa au tochi, mtazame chini ya milango, pale ukuta unapokutana na paa, na penye mabomba. Tundu lizibwe kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, au lijazwe kwanza nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kwa kuwa udongo mtupu na matambara ataufukua. Nje, fyekeni majani kuizunguka nyumba kadiri ya hatua tatu. Kuni, magogo na majani ya ng'ombe yasilundikwe ukutani. Wengi wetu hufuga ng'ombe zizini na kuwaletea majani kutoka bondeni. Lundo la majani likikaa majuma mawili mahali pamoja, chini yake mtakuta kiota.

Tatu, usiku. Panya hutafuta kwa pua, na pua yake ni ya ajabu. Kule Morogoro shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, akagundua mabomu zaidi ya 100, akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Ikiwa pua ya panya yanusa bomu chini ya udongo, itashindwaje kunusa ukoko wa ugali? Kwa hiyo sufuria zioshwe kabla ya kulala, mabaki ya chakula yafunikwe, pumba za kuku ziondolewe jioni, na maji yafunikwe.

Nne, mitego. Mtego wa mbao na waya, ukitegwa vema, washinda sumu, kwa kuwa waonyesha ulichoua, wala hauachi mzoga kuoza darini. Utegwe kando ya ukuta, maana panya hupenda kupita akigusa ukuta kwa masharubu yake. Chambo kiwe karanga iliyosagwa, dagaa au parachichi, ambalo huku Meru halikosekani. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni. Basi siku mbili za kwanza weka mtego wenye chambo bila kuufyatusha, ale na kuzoea, siku ya tatu utege kweli. Wako pia watumiao ndoo yenye maji robo, na juu yake kopo lipitishwalo waya katikati na kupakwa karanga. Panya akikanyaga, kopo huzunguka naye huanguka. Ndoo hiyo iwekwe mahali asipofika mtoto mdogo. Ama ile gundi ya kunasia, hatuisifu, kwa kuwa humwacha kiumbe akiteseka mpaka asubuhi, tena hunasa vifaranga. Aliyekamatwa auawe upesi, asishikwe kwa mkono mtupu, afukiwe.

Sasa twaja kwa neno lililo gumu kuliko yote, yaani majirani. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, wakitufunza kwamba wingi usio na mapatano haumalizi kazi. Ni kweli kwetu pia. Nyumba moja ikitega na ya pili isitege, ile ya kwanza yawavunia jirani. Lakini nyumba 20 za kitongoji kimoja zikikubaliana kufyeka, kuziba na kutega katika juma moja, na kurudia kabla ya kupanda na kabla ya kuvuna, panya hana pa kukimbilia. Neno hili halihitaji fedha, lahitaji mtu mmoja wa kulianza. Mwalimu aweza kulianza shuleni, maana mahindi ya chakula cha mchana cha watoto mara nyingi hukaa katika chumba kimoja na madaftari, na panya hula vyote viwili. Mwenye nyumba aweza kulisema katika mkutano wa kitongoji, kabla ya watu kuondoka.

Mwisho, tusiwaue wanaotusaidia. Paka alishwe kidogo nyumbani, ili asihame. Na bundi, ambaye wengi wetu wamfukuza kwa mawe wakisema alia kwa ajili ya kifo, hatangazi kifo cha mtu; atafuta panya. Wenye shaka na waende asubuhi chini ya mti au dari alalapo. Watakuta vidonge vya manyoya alivyovitapika, na wakivipasua kwa kijiti watakuta mifupa na meno madogo. Mtu akiisha kuhesabu mafuvu yaliyomo katika vidonge vichache, hatamtupia bundi jiwe tena, atamshukuru.

Basi tusingoje magunia yamepungua. Jumamosi hii baba na azunguke nyumba na tochi, mama na atazame maji na masufuria, watoto na waondoe lundo la majani ukutani. Ni kazi ya nusu siku, nayo huokoa debe moja na nusu. Na katika mwezi wa Machi, debe moja na nusu ni uji wa asubuhi wa watoto kwa siku nyingi. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya fuko aharibuye viazi, na nungunungu wanaotoka msituni, ambao habari yao ni nyingine.